Volti Zinazopotea Njiani

Jumatatu. Betri: 11.8

Kirikuu imegoma alfajiri pale soko la samaki la Deep Sea, ikiwa na matenga ya vibua na barafu nyuma. Nimegeuza ufunguo, imesema "tik" mara moja, basi. Wachukuzi waliokuwa wamekaa ukutani wamekuja kunisukuma, na injini ilipokubali wakanitajia bei ya kusukuma gari lenye mzigo, ambayo si sawa na bei ya gari tupu. Mama mwenye samaki hakushuka. Alisema yeye kalipa nauli ya kupanda.

Taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi inawaka tangu mwishoni mwa masika, ila inawaka nusunusu. Mchana huioni. Usiku unaiona ukiinama.

Nimepita kijiweni kwa fundi. Hakuinuka. "Dainamo hiyo, Mwalimu, imekufa. Tafuta nyingine." Muuza kahawa naye kasema dainamo. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri kashata kasema dainamo, kisha akauliza ni gari gani.

Betri nimeiacha kwa mchaji. Mita yake ndiyo iliyosoma hiyo 11.8, naye akaisoma kwa sauti ya msiba.

Jioni shemeji amepiga simu kutoka Dar es Salaam. Dada yake, yaani mke wangu, alikuwa ameshamweleza yote. "Shem, usihangaike. Nina mtu wangu hapa Gerezani, nakutafutia dainamo safi." Nimemwambia asubiri kwanza nipime. Amesema hewala.

Jumanne. Betri: 12.3

Betri imerudi kutoka kwa mchaji. Betri nzima ya volti 12, ikishachajiwa na kupumzika, hutakiwa kusoma 12.6 hivi. Mchaji anasema hiyo ni ya vitabuni, na ndiyo maana mimi ni mwalimu.

Shule zimefungwa, nimeamua kazi hii nitaifanya mwenyewe uani.

Mita nimeazima kwa mzee jirani, mstaafu wa reli. Mzee haazimi mita bila kukueleza kwanza ilikotoka. Hadithi huanzia stesheni ya Tanga, na leo tumepita Muheza na kufika Korogwe ndipo akanikabidhi.

Injini ya Kirikuu iko chini ya viti vya mbele. Kuifikia unainua kiti. Chini ya kiti cha abiria nimekuta sarafu mbili, kandambili ya mtoto na dagaa mmoja aliyekauka vizuri sana.

Nimewasha injini, nikawasha na taa kubwa ili umeme uwe na kazi ya kufanya, maana gari lisilotumia umeme halikuonyeshi ugonjwa wake. Mkono mmoja wa mita nimeuweka kwenye hasi ya betri usitoke hapo. Mkono wa pili nimeugusisha kwenye bolti kubwa ya kutolea umeme, nyuma ya oltaneta, hiyo ambayo wote wanaiita dainamo: 13.9. Halafu kwenye chanya ya betri: 12.4. Nimerudia. Imesoma vilevile.

Kwa hiyo oltaneta inatoa na betri haipati. Katikati yao pana waya usiofika mita mbili, na humo ndani inapotea volti moja na nusu. Waya mzima wa kazi hiyo ungekula sehemu mbili tatu za kumi za volti, hata usijue.

Hapo taa ya nusunusu nayo imejieleza. Upande mmoja taa hiyo inashika umeme wa betri kupitia swichi, upande wa pili inashika oltaneta. Pande zote mbili zikiwa sawa, inazimika. Oltaneta ikifa kabisa, inawaka wazi. Ikiwaka kwa uficho, ujue pande hizo zote zina umeme ila hazilingani. Taa imekuwa ikisema ukweli tangu masika, kwa sauti ndogo.

Nimewatangazia waliokuwepo kwamba dainamo haijafa. Hakuna aliyefurahi.

Mzee jirani ametoa kipimo chake: injini ikiwaka, chomoa terminali ya hasi, gari likizima, dainamo imekufa. Hiyo ilikuwa sawa kwa dainamo za enzi zao. Oltaneta ina diodi ndani na kidhibiti cha elektroniki, na betri ndiyo inayoutuliza umeme wake. Ukiing'oa betri ghafla, volti zinaruka juu kwa kufumba na kufumbua, na zinaweza kuunguza diodi, kidhibiti, au kompyuta ya injini kama gari linayo. Ni mtihani ambao mwanafunzi anaweza kufaulu akatoka mgonjwa. Nimemweleza haya kwa heshima zote.

Mzee ameondoka na mita yake.

Jumatano. Betri: haikupimwa, mita iko kwa mwenyewe

Leo kazi ilikuwa kusafisha vichwa vya betri. Betri ya Kirikuu hii imekaa ubavuni, chini ya bodi. Na bodi ndiyo inayobeba matenga, na matenga ndiyo yanayotoa maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi ya samaki, na maji hayo yana matundu yao yanayoyajua. Wajapani walioitengeneza gari hii ya injini ndogo ya sentimita za ujazo 660 waliifikiria ikienda shambani. Vibua hawakuwemo.

Chanya imeota unga mweupe wenye ubluu pembeni. Weupe ni risasi iliyokutana na tindikali, ubluu ni shaba iliyojiunga baadaye. Hasi haikuwa na unga, ilikuwa na kutu tu, na bolti ya namba 10 iliyoliwa mpaka spana inazunguka bila kuishika.

Unaanza kufungua hasi, kisha chanya. Bodi yote ya gari ni hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeunganisha betri na yenyewe, na spana inabaki pale imeng'ang'ania ikitoa cheche huku wewe ukitafuta pa kukimbilia. Nilikuwa nikimweleza mpwa wangu haya wakati simu ilipoita. Shemeji. Dainamo imeonekana, imetoka Japani, safi kabisa, haina hata vumbi. Nimemwambia dainamo yangu ni nzima. Amesema wote husema hivyo mwanzoni.

Bolti ya hasi imekatika. Hiyo ndiyo njia iliyochagua kufunguka.

Dawa ya ule unga ni maji ya moto, unamwagia taratibu na kusugua kwa mswaki wa zamani. Mpwa ametumwa jikoni kuleta birika. Maji yamemwagika, unga umeyeyuka, risasi imebaki inang'aa, na harufu ya tangawizi imetanda uani. Chai imesafisha barabara.

"Baba Salma, chai ya wageni iko wapi?"

Mpwa amepelekwa dukani kununua majani na sukari. Mswaki nao, imebainika jioni, haukuwa wa zamani.

Alhamisi. Betri: 12.2

Mke wangu ametuma vitumbua kwa mzee jirani, akaenda navyo mwenyewe. Amerudi na mita, pamoja na habari za kutoka Korogwe mpaka Mombo.

Leo nimeutoa ule waya mnene. Kwa nje hauna neno: ganda jeusi, limelainika kidogo kwa mafuta ya injini, hakuna mpasuko. Karibu na kichwa chake cha shaba, wenyewe wanakiita lagi, ganda limevimba kiasi cha kuhisiwa kwa vidole tu. Ukilikunja hapo, ndani kunasikika mchanga.

Nimelipasua kwa wembe. Nyuzi za shaba zilizotakiwa kuwa nyekundu na laini zilikuwa kijani kibichi mwanzoni, na mbele kidogo nyeusi. Nimezigusa, baadhi zimekatika na kuanguka kitakoni mwa gari kwa namna ya majani ya chai. Zilizobaki zikibeba umeme nimezihesabu kwa macho, nikaona si jambo la kumwonyesha mtu aliyewahi kupanda gari hili usiku.

Nimekata sentimita kumi nikitarajia kufika kwenye shaba nzima. Nyeusi. Nimekata tena. Nyeusi. Maji ya chumvi yakishapata mlango kwenye lagi hayakai mlangoni. Yanapanda katikati ya nyuzi zile kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi, na ganda linayalinda yasikauke. Chumvi inaifanya shaba ioze kwa haraka, na umeme ukipita kwenye unyevu huo unaongeza kasi. Ganda zuri kwa hapo ni hasara: linaficha mgonjwa na kumhifadhia ugonjwa.

Watu wengi hukata pale palipooza, wakaunga kipande kipya na kufunga tepu nyeusi. Inafanya kazi hadi mwezi unaofuata. Risasi haishiki shaba iliyokuwa nyeusi. Inajikunja ikawa kidonge na kudondoka. Na ile tepu, kwa joto la injini, gundi inayeyuka, inakuwa nata ya kukusanyia vumbi. Waya wote unatoka.

Mpwa ameuchukua waya mkongwe kwenda kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ameambiwa shaba iliyoungua ni bei nyingine. Amejaribu kueleza kwamba haijaungua, imeoza. Ameambiwa hiyo ni bei nyingine tena.

Mchana nilipoinuka kwenda kuswali, kiti cha abiria kimebaki wazi. Niliporudi, kuku wa mzee jirani alikuwa amekaa juu ya injini, kwenye joto lililobaki la asubuhi, na alikuwa ameshataga. Mzee kaja kudai yai. Nimemwambia yai limetagwa ndani ya gari langu. Kasema kuku ni wake. Tumekubaliana yai ni lake, na kuku akirudi tena ni abiria.

Ijumaa. Betri: 12.2

Kwenda mjini kutafuta waya.

Duka la kwanza la vifaa vya umeme wamenipimia waya wa nyumba, nyuzi saba nene, mgumu, unakaa ulivyoukunja. Huo hautakiwi kwenye gari. Injini inatikisika siku nzima, na waya mgumu ukitikiswa unachoka palepale kwenye lagi mpaka unakatika, ndani ya ganda, bila taarifa. Wa gari ni ule wenye nyuzi nyingi nyembamba, unaojikunja kama unavyotaka wewe. Nimemweleza mwenye duka. Kaniuliza nyumba yangu inatikisika?

Duka la pili walikuwa nao wa nyuzi nyingi, lakini mwembamba, wa kuungia redio. Umeme wa oltaneta ni ampea makumi. Waya mwembamba ungekuwa jiko.

Duka la tatu lilikuwa limefungwa kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Nimeswali nao. Baada ya sala mwenye duka amesimama kuzungumza na watu watatu kuhusu bei ya nazi, nami nimesimama nyuma yao nikiwa na kipande cha waya mbovu mkononi, mpaka mmoja wao akanipa pole, akidhani nimefiwa.

Nilichokipata mwisho ni kebo ya mashine ya kuchomelea vyuma, milimita za mraba 16. Nyuzi zake ni nyembamba mno na ni nyingi kupita kiasi, na ganda lake la mpira linavumilia joto. Ni nene kuliko inavyohitajika. Kwa waya wa kuchajia hilo si kosa. Imepimwa kwa mkono wa muuzaji, ambaye ni mfupi, na bei imehesabiwa kwa mita za serikali.

Nimenunua na lagi, pamoja na ule mpira mwembamba unaojibana ukipigwa moto, wenye gundi ndani. Muuzaji kauliza wa rangi gani. Nimesema mweusi. Kaleta wa pinki, akasema mweusi umeisha, na umeme hauchagui.

Shemeji: dainamo imeshalipiwa. Elfu tisini. Nisiwe na wasiwasi, tutahesabiana.

Jumamosi. Betri: 12.1

Leo ndiyo siku yenyewe.

Lagi inabanwa kwanza, kisha inatiwa risasi kidogo tu kwenye mdomo wake, kuziba njia ya maji. Ukimwaga risasi nyingi, inapanda ndani ya nyuzi, inazigeuza kuwa fimbo, na tumerudi kwenye ule waya wa nyumba. Nimebania kwenye jiriwa ya mzee jirani, na kuifikia jiriwa hiyo lazima upite Same. Kwa bahati mzee alikuwa na mgeni, tumesimama Mombo.

Nilipochomeka pasi ya risasi, umeme wa mtaa umekatika. Nimesubiri. Majirani wote wametoka nje kuangaliana, jambo ambalo halijawahi kurudisha umeme lakini hufanyika kila mara.

Mke wangu alikuwa na mkaa wa pilau. Nimeomba kona ya jiko. Bisibisi kubwa ya zamani ikiwekwa kwenye mkaa mpaka iive, ukiifuta kwa kitambaa kibichi na kuigusisha kwenye shaba iliyopigwa msasa, risasi inayeyuka na kutiririka bila ubishi. Lagi ya kwanza imekuwa nzuri kuliko za dukani. Lagi ya pili nayo. Moshi wa fluksi ya risasi umeingia kwenye pilau kidogo. Wageni wamesifu viungo.

Nimefunga waya, nimeupitisha juu, mbali na pale maji ya bodi yanapotoka, na kila baada ya shibiri nimeufunga usicheze. Kwenye chanya nimepaka mafuta ya mgando kuzuia hewa na chumvi. Mafuta hayo ni ya mtoto mdogo. Kopo limerudishwa ndani likiwa na alama ya kidole cheusi, na kidole hicho kimetafutwa nyumba nzima.

Injini imewaka kwa betri iliyochoka, kwa taabu. Waliohudhuria: mpwa, mzee jirani, mgeni wa mzee jirani, kuku. Taa kubwa zimewashwa. Betri: 13.3.

Mpwa ameshangilia. Mzee kasema, "Ee, dainamo imezinduka."

Ila 13.3 si 14. Kutoka bolti ya oltaneta hadi chanya ya betri sasa inapotea sehemu moja ya kumi tu. Waya mpya hauna hatia. Kilichobaki ni upande ambao watu hawaupimi, kwa kuwa hauna rangi nyekundu. Nimeweka mkono mmoja wa mita kwenye ganda la oltaneta na mwingine kwenye hasi ya betri. Ilitakiwa isome sifuri na ushei. Imesoma 0.8.

Umeme unaokwenda lazima urudi. Injini imekalia mipira, na mpira haupitishi kitu; kwa hiyo kuna mkanda wa shaba iliyosukwa unaoiunganisha injini na chasisi, wenyewe wanauita ethi. Nimelala chini kuutafuta. Upande wa injini upo. Upande wa chasisi kuna bolti, kuna washa, kuna kijani. Mkanda wenyewe umebaki nyuzi za kuhesabika.

Nikawa najiuliza umeme wote wa kuwashia injini umekuwa ukirudi kwa njia gani. Nimemwambia mpwa apige stata, nami nimeshika kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedali. Ina joto. Kebo ya chuma ya kukanyagia mafuta imekuwa ikifanya kazi ya pili bila malipo, na ndiyo sababu kanyagio limekuwa zito siku hizi. Nilikuwa nimeshalipaka grisi. Fundi wa kijiweni alikuwa amesema ni dainamo.

Jumapili. Betri: 14.1

Asubuhi nzima kwa ajili ya bolti moja. Ethi imeng'olewa, chasisi imepigwa msasa mpaka chuma cheupe, maana rangi nayo haipitishi umeme, na kipande kilichobaki cha kebo ya kuchomelea kimechukua nafasi ya ule mkanda, na lagi mbili, na mipira ya pinki. Kingine kifupi kimetoka hasi ya betri kwenda palepale. Baada ya kubana ndipo nimepaka rangi juu, kuziba. Wengi hupaka kwanza wakabana baadaye, halafu wanashangaa.

Plagi ndogo ya oltaneta, yenye waya mwembamba wa taa, niliigusa tu kuisafisha, pini moja ikabaki mkononi. Ilikuwa imeshakatika zamani ikisubiri heshima ya kuguswa. Nimetoa pini ya mfano huo kwenye plagi ya redio, ambayo haijawahi kushika stesheni yoyote tangu tuinunue gari.

Taa kubwa zimewashwa, feni imewashwa: 14.1 kwenye betri. Kutoka ganda la oltaneta hadi hasi ya betri: 0.05. Taa nyekundu ya dashibodi imewaka wazi nilipogeuza ufunguo, na injini iliposhika ikazimika pu. Injini ilipozimwa na kutulia kwa muda, betri ikasoma 12.7.

Kisha taa ya kushoto ya mbele ikaungua. Balbu hiyo ilizoea volti 12 na kasoro kwa muda mrefu, 14 imeikuta haijajiandaa. Honi nayo, ambayo sote tulikuwa tunaijua kama honi ya upole, imetoa sauti iliyomtoa kuku ndani ya gari na mzee jirani ndani ya nyumba.

Mzee amepima mwenyewe, kwa mita yake, mikono yake, miwani yake. 14.1. Amekaa kimya kidogo. Amesema dainamo za siku hizi zinapona zenyewe.

Jumatatu. Betri: 12.6 kabla ya kuwasha

Deep Sea alfajiri. Imewaka mara moja. Wachukuzi wamenitazama kwa macho ya watu waliodhulumiwa.

Nimetandika turubai bodini kabla ya kupakia, na ukingo wake nimeuinua upande wa betri, maji yatokee nyuma. Mama mwenye samaki kauliza turubai linaongeza nauli? Nimesema hapana. Kauliza basi linapunguza? Safari nzima amekuwa akiugeukia ukingo ule kuona kama maji yake yanatendewa haki.

Mchana, simu kutoka stendi ya mabasi: mzigo wangu umefika. Gharama ya kusafirisha, elfu saba, inalipwa na mpokeaji. Sanduku la biskuti limefungwa kamba ya katani, ndani yake kuna oltaneta. Kwa kweli ni safi. Pulii yake ni ya ule mkanda bapa wenye mistari, na Kirikuu hii inatumia mkanda wa V. Vishikio vyake vya bolti viko upande ambao injini yangu haina.

Shemeji, kwa simu: "Hiyo ni kazi ya fundi tu, shem, anakata, anachomelea."

Jumanne. Betri: 12.6

Fundi wa kijiweni amesikia kuna dainamo kwangu. Amekuja mwenyewe, jambo la nadra, akiwa na kikombe cha kahawa. Ana mteja wa gari dogo, dainamo yake imekufa. Ameigeuza hii yangu, ameizungusha pulii kwa kidole, ameinusa. Inaingia kwenye gari hilo bila kubadilisha kitu.

Nimemwuliza ameipima ile ya mteja? Amesema ameiangalia.

Nimemwambia mita ipo kwa mzee jirani, anaazima, ni kusikiliza kidogo tu. Amesema hana muda wa kwenda Arusha. Ameweka laki moja na elfu kumi mezani, akachukua sanduku na kamba yake.

Elfu tisini za shemeji, elfu saba za basi, imebaki elfu kumi na tatu. Nimemtumia zake kwa simu na kumweleza yote kwa uwazi. Amepiga baada ya dakika chache. Amefurahi. Alijua tangu mwanzo kwamba dainamo ile ni biashara. Sasa anauliza hiyo elfu kumi na tatu tunaigawa watu wawili au watatu, maana kuna na yule mtu wake wa Gerezani.